Chuo cha Uani

Iringa, Jumamosi, 28 Oktoba 1950

Vumbi tu. Kila nikifagia ua naona namhamishia jirani yangu Severina mchanga wangu, na upepo ukigeuka ananirudishia. Tangu baba afariki sijashika kalamu kwa jambo langu mwenyewe, nilikuwa nawaandikia wasichana wa chuo aya kwenye mbao zao basi. Leo nimeishika kwa sababu kuna habari njema na sina wa kumwambia saa hizi.

Mdogo wangu Halfani anarudi kutoka Mbeya. Mzee Bushiri, mkubwa wa kamati ya msikiti, amekuja mwenyewe mpaka mlangoni, akabisha hodi, akasema nami kwa adabu zote nikiwa nyuma ya mlango. "Binti Matano, kiti cha Mwalimu hakiwezi kukaa kitupu. Tumemwita mdogo wako aje ashike chuo cha wavulana, na mwaka huu asome maulidi mbele ya watu." Nikamwuliza, na wasichana wangu? Akakohoa kidogo. "Hayo mtazungumza wenyewe. Ni mambo ya nyumba yenu."

Nimefurahi mpaka nimeunguza maharage. Baba alisomesha wavulana barazani, na mimi niliporudi kutoka Dodoma na talaka yangu, sina hili wala lile, alinikabidhi wasichana wa uani, kila siku baada ya Alasiri. Watu walicheka. Baba akasema atakayecheka alete binti yake asome, kisha acheke vizuri. Walileta. Hicho chuo cha uani ndicho kilichoniinua nikawa mtu tena, na siku zote hizi nilikuwa naogopa wazee wataleta mwalimu mgeni asiyenijua. Sasa wanamleta Halfani, niliyembeba mgongoni.

Jumanne, 31 Oktoba

Upepo. Rukia amemaliza juzuu yake ya tano. Nimempa andazi.

Jumamosi, 4 Novemba

Ameshuka kwenye lori leo adhuhuri pale Ipogolo, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu. Amenenepa. Miaka yote hii alikuwa karani wa duka kule Iyunga, Mbeya, na anatembea kama karani, karatasi kwapani. Alipofika mlangoni alinibusu mkono, nikalia. Alikuta wasichana uani wanasoma, akasimama akawasikiliza kimya mpaka wakamaliza. Halafu akaniuliza wako wangapi, nani wazazi wao, wanatoka saa ngapi, na kama sauti zao zinafika barabarani. Nikamwambia zinafika mpaka Kalenga kama upepo ni mzuri. Akatabasamu.

Nimempikia wali wa nazi. Nazi yenyewe imetoka pwani kwa gari moshi na malori na ilikuwa karibu kuoza, lakini alikula akasema ni ya Bagamoyo kabisa, naye Bagamoyo hajapata kufika.

Alhamisi, 9 Novemba

Leo ameniambia kweli yake. Alinifuata jikoni wakati wa kumenya viazi, akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda. "Dada, mimi Kiarabu kimenitoka. Naandika barua za Kizungu vizuri tu, lakini nikifungua kitabu cha maulidi naona wadudu. Wazee hawajui. Nitaaibika."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikamwonea huruma. Baba angemchapa bakora. Mimi nilimwambia alete kitabu. Tumekubaliana hivi: kila siku asubuhi, wavulana wakiwa bado hawajafika, atakaa hapa jikoni asome, mimi niendelee na kazi zangu. Akikosea nitagonga sufuria kwa mwiko. Ndivyo baba alivyonisomesha mimi, yeye akishona kofia na kugonga kibao cha kushonea.

Leo nimegonga mpaka Severina ameuliza ng'ambo ya ua kama nafukuza panya.

Jumatano, 15 Novemba

Amenunua khanga doti nzima, nyekundu, akaniwekea juu ya kitanda bila kusema. Mdogo wangu huyu.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua ya kwanza! Imekuja na mawe, wasichana wamekimbilia chini ya paa na mbao zao kichwani, wino ukawashuka mashavuni. Tumecheka sana. Sasa watasomea ukumbini mpaka masika yaishe, nimeshatandika mikeka.

Severina alipita na maboga, akakaa kunisubiri. Yeye ni Mkatoliki, binti yake anasoma kwa masista. Huniambia, "Kamwene Kudra, hii watoto yako ikisoma mimi napika ugali vizuri, mkono inafuata." Leo aliongeza, "Lakini huyu mdogo yako mbona kila jioni anaenda kwa mzee Bushiri? Ana mchumba kule?" Nikamwambia anakwenda kujifunza mambo ya msikiti. Akasema haya, akachukua maboga yake.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua usiku kucha, na baridi ya kukausha mifupa. Mwanakhamisi amekuja kumtoa binti yake Rukia chuoni.

Mwanakhamisi ameolewa na mtoto wa Mzee Bushiri, na mimi naye tumecheza pamoja tangu tukiwa hatuna meno ya mbele. Alisimama mlangoni na buibui yake imelowa, hakutaka kuingia. Alisema Rukia anakohoa, apumzike kidogo mpaka mvua zipungue. Rukia hakukohoa hata mara moja mbele yangu. Nikamwambia, "Shoga, kama kuna neno niambie." Akasema hakuna neno, wala hakuniangalia.

Nimekasirika. Yule msichana ndiye anayesoma kuliko wote, na mama yake anamweka ndani kwa sababu ya mvua!

Jumapili, 3 Desemba

Halfani ameshika nusu ya kitabu. Sauti anayo, hilo sikatai, sauti ya baba ilivyokuwa kabla ya pumu. Leo alisoma ukurasa mzima sikugonga hata mara moja, mwiko ukakaa tu mkononi, na nilipomwangalia nikaona machozi yamemjaa. Akasema, "Dada, bila wewe mimi si kitu."

Nikaona ndiyo saa ya kumwuliza. Nikamwambia wasichana wawili zaidi wameondolewa, wazazi wananipa sababu zisizo na kichwa wala miguu, na nina hofu kuna mtu anasema maneno. Alifunga kitabu. Akaweka mkono juu yake, juu ya kitabu chenyewe, akasema: "Baba ameacha vyuo viwili, cha barazani na cha uani. Mimi nitashika cha barazani, wewe utashika cha uani mpaka tuzikwe. Wakileta maneno nitawajibu mimi." Nimelala vizuri leo, kwa mara ya kwanza tangu Mwanakhamisi alipokuja.

Jumatatu, 11 Desemba

Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, umeandama, wamesema Mbeya wameuona mwezi. Hapa ni mawingu tu.

Ijumaa, 15 Desemba

Kazi juu ya kazi. Kuchambua mchele wa pilau, kupukuta ubani, kuosha mirashi ya marashi. Wanawake tutakaa kibaraza cha pembeni ya msikiti, wamefunga turubai katikati ili sisi tusikie na tusionekane. Halfani amepewa kusoma mlango wa kuzaliwa, ule ambao ukifika mahali Mtume anapozaliwa watu wote husimama. Si mchezo. Msomaji akitetereka pale, msikiti mzima unatetereka naye.

Hapo hasa ndipo anapokosea. Kuna maneno yanafanana na ya ukurasa uliopita, ulimi wake unarudi nyuma kama punda aliyezoea njia ya zizini. Tumerudia mpaka viazi vimeungua. Nikamwambia, "Ukifika hapo tulia, vuta pumzi, usiwaangalie watu." Akasema, "Nitakusikia wewe na mwiko wako." Tukacheka wote wawili.

Ijumaa, 22 Desemba

Nimechoka lakini nikilala sitaandika kama ilivyokuwa.

Maulidi yamesomwa leo baada ya Alasiri. Watu wamekuja kutoka hata Mbeya na Dodoma, waliokosa nafasi ndani wakasimama nje chini ya miamvuli. Mvua ilikuwa inapiga bati, sisi wanawake nyuma ya turubai tukawa tunasikia kwa shida, watoto wamelala mapajani, moshi wa ubani umetujaa machoni. Mwanakhamisi alikaa mbali nami. Nilivaa ile khanga nyekundu ndani ya buibui.

Walisoma wengine, wakasoma vizuri. Kisha nikamsikia Halfani. Alianza chini, akapanda, na wanawake wakaanza kunigusa bega, "Ndugu yako huyo? Mashaallah." Nilikuwa nasoma naye kimoyomoyo, neno kwa neno, midomo inacheza. Mvua ikapungua ghafla, kama mtu amefunga bomba, sauti yake ikabaki peke yake.

Akafika pale pale. Akarudi nyuma. Akasoma maneno ya ukurasa uliopita, akajua amekosea, akanyamaza. Akayaanza tena, akarudi pale pale tena. Nikachungulia pembeni ya turubai: wazee wa mbele walikuwa wameshaanza kuinuka, wengine wameinama nusu, mkono mmoja gotini, hawajui wasimame au wakae. Mirashi imeinuliwa, marashi hayamwagwi. Hakuna aliyemkumbusha; waliojua nadhani walingoja mwingine aanze, na wasiojua walijiangalia miguu.

Sikufikiri. Ningefikiri ningebana mdomo. Nilimwona mtoto wa Mwalimu Matano anaaibika mbele ya watu wa miji mitatu, na maneno yenyewe ni ya sifa za Mtume, nikayatamka. Kwa sauti, kutoka nyuma ya turubai, mstari mzima, kama ninavyomsomea jikoni. Akaudaka. Akaendelea nao bila kukata, na watu wote wakasimama kwa pamoja, msikiti ukaitika, marashi yakamwagika mpaka upande wetu. Bibi mmoja wa Dodoma alinishika mkono akaubusu.

Halfani aliporudi nyumbani, watu wamembeba kwa sifa, hakuniambia neno. Nilidhani ni uchovu. Nimemwekea pilau yake, amekula.

Jumamosi, 23 Desemba

Amekuja jikoni asubuhi kwa mazoea, lakini bila kitabu. Hakukaa kigodani.

"Dada, wazee wamekasirika."

"Kwa nini?"

"Sauti yako. Imesikiwa na wanaume wote, na wageni. Wanasema mwanamke anayeweza kufanya vile mbele ya watu, anawafundisha nini wasichana wao? Wanataka chuo cha uani kifungwe. Nimewabembeleza mpaka nimechoka. Hawasikii."

Nikamwambia lakini nilikuokoa wewe. Akasema, "Najua. Nimewaambia. Ndiyo maana hawakusema makubwa zaidi." Akaniwekea mkono begani. Alisema ni bora wasichana wasije kuanzia Jumatatu, mambo yapoe, huenda baada ya Ramadhani tutaona.

Nimelia siku nzima. Ni mimi. Ningenyamaza, angetafuta njia yake, na wasichana wangekuwa hapa.

Jumatatu, 25 Desemba

Kengele za kanisa asubuhi yote. Wasichana wawili hawakupata habari, wamekuja na mbao zao chini ya khanga. Nikawarudisha na mvua ile. Mdogo aliuliza wamekosa nini. Nikamfunika ubao wake usilowe.

Jumamosi, 30 Desemba

Severina ameleta viazi vya sikukuu na wimbo mzima wa matusi, si kwangu, kwa dunia. "Kwetu masista wanaimba mbele ya padri, na kanisa haijaanguka. Wewe umesema neno moja ya dini, sasa kosa gani?" Nikamwambia kila watu na mambo yao. Akasema, "Sawa, lakini mbona mdogo yako halii? Wewe unalia peke yako." Nilimkasirikia, nikasema Halfani amefanya alivyoweza. Nilimtetea mpaka akaniomba radhi.

Ijumaa, 5 Januari 1951

Leo nimekwenda kuomba msamaha.

Nililifikiri wiki nzima. Kama kosa ni sauti yangu, basi sauti yangu ndiyo iombe radhi, wazee walainike, wasichana warudi. Nilipika vitumbua, nikajifunga buibui vizuri, nikapita matope mpaka kwa Mzee Bushiri. Mkewe akanikaribisha ukumbini. Mwanakhamisi alikuwapo anachambua mboga, aliponiona akainuka akaenda jikoni. Mzee alikuwa barazani, tukazungumza mlango ukiwa umeegeshwa.

Nikasema, "Baba, nimekuja kuomba radhi kwa lile la maulidi. Nilipaza sauti. Sikukusudia kuwavunjia heshima."

Akasema, "Kutuvunjia heshima? Binti, siku ile ulitusitiri. Nilimwambia Halfani akuletee salamu zangu na shukrani. Hakukuletea?"

Nikasema labda amesahau. Nikamwuliza, kwa nini basi wamefunga chuo cha wasichana?

Nilimsikia anajisogeza kwenye kiti. Mzee yule ana mengi lakini hasemi uongo. Akasema taratibu, "Hilo halihusiani na maulidi. Hilo ni la tangu zamani. Wasichana wamekuwa wakubwa, mji umejaa watu wa kila namna, sauti zinatoka barabarani, tukaona hapana. Baba yako alipokuwa hai tulimstahi. Alipofariki tukasema atakayeshika kiti chake sharti akubali kukifunga chuo cha uani. Halfani alikubali kabla hajapanda lori la kuja huku. Alituomba jambo moja tu, tumwachie mpaka maulidi yapite. Alisema wewe utahitaji muda. Hakukwambia?"

Nikasema, "Ameniambia, baba." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliona haya kwa ajili yake.

Mwanakhamisi alinitoa mpaka uani kwao. Alikuwa analia. "Nilikatazwa kusema, Kudra. Ningekwambia, ningeachwa." Nikamwuliza tangu lini amejua. Akasema tangu kabla ya vumbi kwisha. Basi alipokuja kumtoa Rukia kwa kikohozi alijua, na aliponikalia mbali nyuma ya turubai alijua. Nimepita njia nzima na mvua sikuisikia.

Ninaihesabu upya miezi hii yote, na kila kitu kinageuka mkononi. Maswali yake siku ile ya kwanza, wako wangapi, sauti zinafika wapi, alikuwa anapima. Khanga. Machozi yake juu ya kitabu, na mkono wake juu ya kitabu. Muda aliowaomba wazee haukuwa wangu, ulikuwa wake, wa kumaliza kufundishwa. Na maneno niliyomwokoa nayo ndiyo aliyonitwika kuwa kosa langu, nikalibeba, nikalia nalo, nikamtetea kwa Severina. Niliwahi kuolewa nikaachwa na mume aliyesema kweli mbele ya mashahidi kwamba hanitaki. Haikuniuma hivi.

Jumamosi, 6 Januari

Sikusema naye. Amekula, ameondoka.

Jumatano, 10 Januari

Mvua. Ananiuliza kama naumwa. Natikisa kichwa.

Jumamosi, 13 Januari

Amekuja jikoni asubuhi na kitabu. Uso wake mwema kabisa, ule wa Novemba. Wamemwalika Mbeya, maulidi makubwa ya Mfungo Saba, na safari hii amepewa mlango mwingine, hajapata kuushika. Akakaa kigodani bila kukaribishwa. "Dada, asubuhi chache tu. Nishike kama ulivyonishika."

Nikaweka kisu chini. Nikamwuliza alikubaliana lini na Mzee Bushiri kuhusu wasichana wangu.

Alikifunga kitabu, nikaona hatakana. Afadhali. Sikuwa na nguvu za kusikia uongo mwingine. Aliangalia sufuria, akaangalia mlango, mwisho akaniangalia mimi, akaniuliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Ningekwambia, ungenifundisha?"

Nimejiuliza swali hilo tangu Ijumaa ile kabla hajaniuliza yeye, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, "Ningekufundisha, Halfani. Ningelia, ningekutukana, ningekwenda kugombana na wazee. Halafu asubuhi ningekaa hapa hapa nikakufundisha, kwa sababu kiti ni cha baba na wewe ni mdogo wangu. Hukuhitaji kunidanganya."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kitabu mapajani. Nilimwacha alie. Wakati mwingine ningemfuta uso kwa upande wa khanga yangu. Alipomaliza akajipangusa mwenyewe, akafungua kitabu kwenye mlango ule mpya, akanielekezea kwa mikono miwili.

"Basi nifundishe, dada. Nimekosa. Nifundishe."

"Niliyekuwa namfundisha ni mdogo wangu," nikamwambia. "Wewe nenda kwa wazee."

Alifunga kitabu, akainuka, akatoka na mvua ile bila mwamvuli, na mimi nikaendelea kumenya viazi vya mtu mmoja.